Sanda ya Jinerali

Juzi tulikuwa msibani kwa Fundi Kombo, nami nikacheka. Sikucheka kwa sauti, nilijiziba mdomo kwa buibui, lakini mabega hayajui kusema uongo. Tulikuwa wanawake tumejazana ukumbi wa nyuma, juzuu zinasomwa, na chumba cha pili wanaume wanamkosha maiti. Mlango ukafunguliwa kidogo, mtu akaomba maji zaidi, na pamoja naye ikatoka harufu ya kafuri. Basi. Shoga yangu aliyekaa ubavuni akanifinya paja.

"Una wazimu? Wamchekelea maiti?"

Nikamwambia nimekumbuka jambo la utotoni. Akasema la utotoni halina haraka, lingengoja maiti atoke kwanza. Kweli lingengoja, limeshangoja miaka. Ila harufu ikishaingia puani haiombi ruhusa. Leo nimekaa nyuma ya nyumba, vyombo vyangu havijaoshwa, naliandika kwa ajili yenu nyinyi wa rika langu, mliovaa magunia pamoja nami mkajikuna pamoja nami. Wadogo zetu tukiwahadithia wanadhani tunatia chumvi.

Tulikaa Pemba, upande wa Pujini, nyumba ya udongo na makuti, mimi na kaka yangu Hamadi na bibi yetu, Bi Mize, aliyetulea baada ya mama kufariki na baba kwenda Tanga na kuisahau njia ya kurudi. Vita vya Wazungu vilikuwa mbali sana, sijui wapi, lakini vilitufikia kwenye sinia. Kwanza ulikatika mchele. Mchele wa dukani tuliouzoea ulikuwa ukitoka nchi inayoitwa Bama, Burma ya Wazungu, na Bama ikatekwa, tukabaki na muhogo wa nazi, na nazi ikikosekana, muhogo wa chukuchuku, na usiku tunaota wali. Kisha zikakatika nguo. Kanga moja ikawa inavaliwa na watu wawili kwa zamu, akitoka mama, binti anajifungia ndani. Sisi watoto tulitobolewa magunia ya mbata, tundu la kichwa na matundu ya mikono, ukinyeshewa unanuka kama kinu cha mafuta. Nami nilikuwa mtoto wa ndoto, nikilivaa gunia langu huku najiona nimevaa hariri, natembea kwa madaha mpaka kuku wananipisha.

Waliopata taabu zaidi ni waliokufa. Bafta, ile nguo nyeupe ya kuzikia, haikuonekana madukani. Jirani yetu mmoja alizikwa na chandarua cha harusi yake, kilichofuliwa na kuanikwa haraka haraka. Mwengine alizikwa na kanga mbili kuukuu, moja ina jina, yale maneno ya pindoni, na moja limefutika. Watu walirudi makaburini wakiwa hawaangaliani usoni.

Sasa huyo Fundi Kombo. Alikuwa fundi cherehani, akikaa baraza ya duka moja mjini Chake. Mwembamba wa miguu na mikono, na tumbo mbele kama mtu aliyemeza dafu zima zima. Nguo zilipoadimika cherehani yake ikawa kazi yake kuota kutu. Mtu mwengine angeshika jembe. Yeye alianzisha beni.

Beni mnaijua, ni ngoma ya kuigiza askari, ina tarumbeta na ngoma kubwa na safu za kwenda na kurudi, na kila mchezaji ana cheo. Kuna Kingi, kuna Kapteni, kuna hata Daktari wa beni, asiyejua tofauti ya dawa na chumvi. Ni mchezo, na kila mtu mzima anajua kwamba ni mchezo. Fundi Kombo akajipa Ujinerali. Akajitengenezea kofia kwa kadibodi, akaipaka masizi na mafuta ya nazi mpaka ikang'ara, na alipokuwa akitoka jasho masizi yalimtiririka mashavuni, akasema ndiyo rangi ya vita.

Mimi sikuwa mtu mzima. Nilipoambiwa huyu ni Jinerali, nilijua ni Jinerali. Nilidhani vita vyote vile, meli zote na ndege zote, vinaendeshwa kutoka baraza ile ya Chake, na kwamba jioni akikunja cherehani yake huko mbali watu nao wanaacha kupigana wakale.

Mudiri, mkubwa wa serikali pale Chake, alimpenda. Serikali ilikuwa inataka vijana wa kwenda uaskari, na kijana humwiti kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Tarumbeta likilia, miguu yake hutangulia. "Ngoma nayo ni silaha," Mudiri alisema siku moja mbele za watu, na Jinerali akaliokota neno lile akatembea nalo kama mtu aliyeokota saa ya dhahabu. Ngoma nayo ni silaha! Alisema akipewa sukari wakati sisi tunakunywa chai kavu. Alisema akipewa mafuta ya taa. Alisema, nasikia, hata alipokataa kushika zamu ya kuchimba mtaro wa shamba la mkwewe.

Beni ilipokuja kijijini kwetu ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Walipiga, vumbi likapanda, wakaimba wimbo wao mmoja tu waliokuwa nao:

*Adui kashika njia,*
*Pemba twaja kumtoa!*

Jinerali akapanda juu ya kasha la sabuni akauliza, "Nani mwanamume hapa?" Ni swali la kijinga, maana wanaume walikuwa wote, lakini kaka yangu Hamadi alinyoosha mkono. Hamadi alikuwa kijana wa kucheka ovyo, mwenye mikono mirefu, akipanda mkarafuu akiimba mpaka wenzake wanamtupia vikonyo vya karafuu anyamaze. Aliporudi nyumbani kusema kwamba amejiandikisha, bibi alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Hamadi, weye hata kuku kumchinja wafumba macho."

"Bibi, Jinerali kasema nchi yatuita."

"Jinerali yupi? Yule aliyenishonea gagulo likanibana?"

Hamadi akacheka, bibi hakucheka. Alimenya muhogo ule mpaka ukabaki mzizi. Asubuhi yake Hamadi akaondoka na vijana wengine, beni ikawasindikiza mpaka bandarini, na chombo kilipong'oa nanga Jinerali akabaki nchi kavu akipunga fimbo yake. Niliona fahari isiyo na kifani. Tuliambiwa wanapelekwa Bama, na mimi nilijua Bama ndiko kunakotoka mchele, basi nikaamini kaka amekwenda kutuletea mchele, na Jinerali ndiye aliyemtuma. Kila nilipokula muhogo nilibakisha nafasi tumboni.

Bibi alikuwa na kasha lake la misumari ya shaba, na ndani ya kasha, chini kabisa, kulikuwa na sanda yake. Nadhani hata nyinyi bibi zenu walikuwa nazo. Mtu mzima wa kwetu hangoji kufa ndipo watu waanze kutafutana. Yake aliletewa na haji mmoja, bafta nzito, ilitiwa maji ya zamzam huko huko Makka, ikakunjwa na vipande vya kafuri katikati. Kila Shaabani aliitoa akaianika uani, akakaa kitako kwenye mkeka kuilinda na kuku, na akanifundisha: "Nguo hii, Riziki, mtu akishaivaa keshamaliza na dunia. Hadai wala hadaiwi." Mwaka mmoja nilipita na kikombe cha zafarani nikamwagia tone, doa la njano likabaki kama jicho la kuku. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Haidhuru, ntajulikana kwa hilo."

Katika mwaka wa pili wa kuondoka Hamadi, Jinerali alikuja kwetu na Sheha wa kijiji. Sheha alikuwa mtu mpole, alikaa ukingoni mwa kitanda cha baraza kama mtu anayeogopa kukivunja. Jinerali alikaa katikati.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Wapi leo?"

"Nimekuja kwa jambo la nchi."

"Nchi ina jambo na mie? Haijawahi."

Jinerali akakohoa kikubwa. Akasema askari wetu wanaumia huko msituni, na madaktari hawana vitambaa vya kufungia vidonda, na yeye amepewa kazi ya kukusanya nguo nyeupe, safi.

"Nyeupe kwangu iko moja," bibi akasema, "na hiyo si ya aliye hai."

"Ndiyo hiyo hiyo, Bi Mize. Mji mzima waijua, kila Shaabani yaanikwa."

Sheha akatazama kwengine, akahesabu makuti ya paa.

"Na mie je? Chamba nikafa kesho?"

"Hufi kesho. Vita vikisha ntakushonea nyengine, bora kuliko hiyo."

"Sanda haiendi cherehani, fundi."

"Ntakuletea mpya, wallahi!" Kisha akashusha sauti, akainama kidogo, na hapa ndipo ninapomdharau mpaka leo, na nikiishi kama Nabii Nuhu nitaendelea. "Fikiri, Bi Mize. Hamadi kapigwa risasi. Damu yatoka, kitambaa hapana. Mara chaja kitambaa, chanuka kafuri ya nyumbani kwao."

 Kulikuwa na nzi juu ya sinia, nakumbuka, na hakuna aliyemfukuza. Kisha bibi akainuka akaingia ndani, tukasikia mfuniko wa kasha. Akatoka nayo mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Mwambie daktari," akasema, "chamba ni Hamadi, amfunge na hichi. Chamba si Hamadi, pia amfunge. Naye ana bibi yake."

Jinerali akampigia saluti. "Amri imepokelewa!"

Baada ya mwezi hivi ikasemwa kuna ngoma kubwa Chake, beni itacheza mbele ya Mudiri na wageni kutoka Unguja, kuwatia moyo askari. Jinsi askari walioko Bama watakavyotiwa moyo na ngoma inayopigwa Chake sikujiuliza. Nilijua tarumbeta lina sauti. Nikaenda na majirani, nimevaa gunia langu la siku kuu, lisilo na tundu la ziada.

Viti viliwekwa kivulini kwa wakubwa, na sisi tukasimama juani. Beni ikatoka. Jamani! Wote wametia nguo nyeupe. Mashati meupe, suruali nyeupe, na mbele yao Jinerali na koti jeupe refu lenye vifungo vya shaba, linameta mpaka macho yanatoka machozi. Katika uwanja ule wa watu waliovaa magunia na matambara, walionekana kama vyungu vipya kwenye jalala. Wakapita mbele yetu karibu kabisa, na Jinerali alipogeuka kwa mbwembwe zake, mkia wa koti ulinipiga usoni.

Ulinuka kafuri. Na kwenye ule mkia, chini ya kiuno, kulikuwa na doa la njano kama jicho la kuku.

Sasa nisikilizeni akili ya mtoto. Mtu mzima angeelewa pale pale. Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba anayevaa nguo ile amemaliza na dunia. Basi nikaona: Jinerali anakwenda vitani mwenyewe! Hakutosheka kutuma watu, anakwenda kumleta Hamadi, na amekwishavaa sanda kabisa kwa sababu anajua harudi. Na askari wake wote wamevaa sanda zao. Na wanacheza! Watu wanaokwenda kufa wanacheza ili sisi tusisikitike. Nililia uwanjani pale kwa mapenzi. Mwanamke mmoja akadhani nimekanyagwa. Mudiri aliposimama akapiga makofi, niliona anapiga makofi polepole mno kwa jambo kubwa kama lile.

Nilikimbia njia nzima. Bibi alikuwa uani.

"Bibi! Jinerali anakwenda Bama! Keshavaa sanda!"

"Sanda gani?"

"Yanuka kafuri, bibi. Na ina doa la njano huku nyuma, mkiani mwa koti, kama lile lako."

Aliacha alichokuwa anafanya. Akanifuta vumbi usoni kwa kiganja chake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Koti lamkaa vizuri?"

"Vizuri sana."

"Haya," akasema. "Afadhali. Lile gagulo lilinibana."

Sikuelewa kwa nini usiku ule hakula.

Siku zilizofuata nilikaa njiani kumsubiri Jinerali aondoke. Hakuondoka. Alikwenda Wete, akacheza, akala biriani, akarudi. Alikwenda Konde, akarudi na kuku wa watu na hadithi: "Sisi tuliotoka mstari wa mbele..." Konde! Mstari wa mbele wa nini, wa wauza ndizi? Siku moja nilimkuta barazani kwake, koti limetundikwa ndani lisishike vumbi, nikamsogelea kwa heshima zote.

"Jinerali, wenda lini?"

"Wapi?"

"Vitani."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akanipapasa kichwa. "Vita ni hapa hapa, mwanangu. Roho za watu zikilala, nani atapigana?" Akawaangalia wenzake kuona kama wamesikia vizuri alivyosema. Nikaondoka nikijaribu kuamini. Nilijaribu kwa nguvu, maana nilikuwa mtoto wa kuamini, lakini ilikuwa kama kujaribu kuota wali mchana kweupe.

Kusi la mwaka ule bibi akaugua. Homa ilimshika asiweze kuinua kichwa, majirani wakaja, wakamtia maji kwa kijiko, na walipotoka uani wakanong'ona. Hawakunong'ona juu ya ugonjwa. Walinong'ona juu ya nguo. Mmoja alisema ana shuka, lakini limechanika katikati. Mwengine akasema labda tanga kuukuu la ngalawa, lifuliwe. Bibi alisikia, masikio yake hayakuwa na homa.

"Sifi!" akapiga ukelele kutoka ndani. "Nendeni makwenu! Nizikwe na tanga, mie samaki? Sifi mpaka nivae!"

Na hakufa. Nimeona watu wanapona kwa dawa na kwa dua. Bi Mize alipona kwa hasira. Kila asubuhi aliuliza kwanza kama bafta imefika madukani, akiambiwa bado, anasema, "Haya, leo vilevile sifi," anaomba uji. Mchana anacheka nami. Usiku, akidhani nimelala, nilimsikia akifungua kasha tupu na kulifunga.

Vita vikaisha. Hamadi akarudi. Alirudi mguu mmoja umekauka, anatembea kwa mkongojo, na mchele hakuleta, nami nilikuwa nimekua kiasi cha kutomuuliza. Hakuwa akicheka ovyo tena. Bibi alimkalisha mkekani, akamshika mguu ule akaupakata, akaukanda kwa mafuta kimya kimya. Kisha akauliza.

"Walikufunga na nini?"

"Bendeji, bibi. Za kwenye maboksi, tele."

"Hazikunuka kafuri?"

"Zilinuka dawa."

Bibi akaendelea kukanda. Mimi, nilipolisikia jibu lile, ndipo nilipoelewa yote kwa mara moja: koti, doa, kasha tupu.  Hamadi, bila kujua, akaanza kutuhadithia ya huko. Akasema walikaa msituni mvua haikatiki, mtu anaoza vidole akiwa hai. Siku moja wakaletewa kikundi cha wachezaji, watu weusi kama sisi, kutoka bara. Hawakuwa na koti wala vifungo. Walikuwa na matope mpaka magotini, na ngoma yao ilikuwa debe la mafuta. Kulikuwa na mchekeshaji mmoja mfupi aliyejifunga taulo akajifanya mke wa sajenti, anamtafuta mumewe kwa kumnusa kila askari kwapani. "Tulicheka, bibi," Hamadi akasema. "Kulikuwa na mwenzetu mmoja hajasema neno tangu ndugu yake afe. Yule mtu alipomaliza, yeye akasema, 'Tena.' Neno moja. Na yule mfupi akarudia yote tangu mwanzo, mvua inampiga."

"Yuko wapi mtu huyo?" bibi akauliza.

"Homa ilimchukua huko huko, wiki ile ile. Tukamzika."

"Sanda alipata?"

"Blanketi, bibi. Nalo lilikuwa bichi."

Bibi akaurudisha mguu wa Hamadi chini taratibu, kama anayeweka yai. "Sherehe ya amani lini Chake?" akauliza. "Nipelekeni."

Tukampeleka, Hamadi upande huu na mkongojo wake, mimi upande ule. Uwanja ule ule, kivuli kile kile, viti vile vile. Askari waliorudi waliwekwa chini kwenye majani. Beni ilipewa mabenchi. Jinerali alikuwa na koti lake jeupe, alilokuwa akilitunza sandukuni akilivaa siku kubwa tu, na Mudiri akamwita mbele, akamsifu kwa kuitumikia nchi wakati wa shida, akamtungika utepe kifuani. Jinerali akageuka kwetu akaanza, "Sisi askari..." Nikamtazama Hamadi. Alikuwa anatazama mguu wake.

Hapo bibi akaniachia mkono. Akakata uwanja peke yake, kibuibui chake chakavu kinaburura, mpaka mbele ya Jinerali. Watu wakadhani bibi kizee anakwenda kumwombea dua, hata Mudiri akatabasamu.

"Mwanangu Jinerali, hebu inama."

Akainama, akidhani anabarikiwa. Bibi akamnusa begani. Akaipapasa nguo kwa vidole viwili, kama anunuaye. Akamgeuza kwa kumvuta mkia wa koti, akalitazama lile doa kwa karibu, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Kisha akapiga ukelele uwanja mzima ukasikia:

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

 Sheha, maskini, akainuka kitini. "Kafa nani, Bi Mize?"

"Huyu hapa! Hamumuoni kavaa sanda? Nnaijua, ndiyo yangu, hili doa katia mjukuu wangu. Alikuja kuichukua nyumbani, weye Sheha ulikuwapo, kasema ya kufungia majeruhi." Akazunguka akawatazama watu wote, wa kivulini na wa juani. "Hebu semeni, nani kamkosha? Mbona mmemsimamisha juani? Maiti hacheleweshwi, jamani. Maiti huharakishwa!"

Sauti ya kwanza ilitoka kwa mpiga tarumbeta wa beni mwenyewe. Alikuwa na tarumbeta mdomoni, na kicheko kikamtoka kwa njia hiyo, ikawa sauti moja ndefu ya ng'ombe anayezaa. Kisha uwanja ukapasuka. Askari mmoja kati ya waliokaa majani akainuka, akaenda kwenye benchi la beni, akaitua ngoma kubwa chini kwa adabu, akasema, "Jeneza hili hapa." Wenzake watatu wakashika miguu ya benchi, wakalitia mabegani, wakaja nalo taratibu, nyuso zimetulia kabisa kama watu wanaotoka msibani.

Jinerali alianza kwa kutembea. Akatembea haraka. Halafu akakimbia, tumbo mbele na utepe umerukia begani, na kitu cha mwisho nilichokiona ni jicho la kuku likipotea nyuma ya boma. Mudiri alikuwa anatazama viatu vyake. Hamadi, kaka yangu, alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili na kucheka ovyo, vile vile kama zamani, mpaka akakaa chini.

Tangu siku ile hakuitwa Jinerali. Aliitwa Maiti. "Maiti kapita." "Maiti kasema shati litakuwa tayari kesho." Beni ilikufa, nani atacheza nyuma ya maiti? Alirudi kwenye cherehani yake, na bafta ilipofika madukani alimtuma mtu kwetu na jora zima limefungwa kwa kamba. Bibi alilipokea. Hakumtukana mtu wala hakushukuru. Alilikata lote vitambaa vya kuchujia tui akawagawia majirani, na kwa muda mrefu sana upande wote wa Pujini hakikupikwa chakula cha nazi kisichopita kwenye heshima ya Jinerali. Sanda yake mwenyewe alinunuliwa na Hamadi, aliyepanda mikarafuu kwa mguu mmoja na mikono mirefu. Akaitia kafuri kwa mkono wake, akaiweka ndani ya kasha, akalifunga. Na siku ile, mara ya kwanza tangu vita, aliacha kutangaza asubuhi kwamba hafi. Alipofariki alizikwa nayo, nyeupe, kamili.

Mtaniambia, Riziki, mtu kafa, msamehe. Mungu ni mwingi wa rehema, ataliangalia. Mimi nina darasa nne na vyombo vya kuosha. Najua wapo waliocheza na kuimba kwa ajili ya wanaume waliokuwa wakifa, nawapenda bila kuwaona, na yule mfupi wa taulo ninamtia kila dua yangu ingawa hata jina lake Hamadi hakulijua. Ndiyo maana huyu wa kwetu simwonei huruma. Aliwapigia wenzake ngoma waende, akabaki kuvaa nguo zao.

Juzi jeneza lilipokwisha kutoka, wanawake wakapumua, shoga yangu akanigeukia. "Haya, maiti keshatoka. Sema sasa, ulicheka nini?"

"Hakuna kitu, shoga," nikamwambia. "Mtu kavishwa sanda mara ya pili, nami nawajua walioikosa hata ya kwanza."